Bubu ya Njia ya Kilembwe

Mikono yake mbili ilikuwa imenikamata kiuno, kinga, baiskeli yangu, ilikuwa inashuka mulima peke yake, freni ya nyuma ilishakufaka tangu Fizi, na mama yule nyuma yangu alikuwa anaimba. Kila mara kinga iliruka ku jiwe, wimbo ilikatika, akasema "Yesu wangu!", kisha akaanza tena palepale aliiacha. Mavumbi nyekundu ya kiangazi ilitufuata sawa vile mbwa inafuata harufu ya nyama. Mi nilikaza soli ya kiatu ku mupira ya mbele, mupira ikanuka moto, kinga ikakataa kusikia, na sikusema neno hata moya.

Si kwamba sikukuwa na la kusema. Mi, kukosa la kusema? Uliza bantu ya Baraka. Nilinyamaza juu siku ile nilikuwa bubu. Bubu na kiziwi, tangu asubuhi, na nilipashwa kubaki ivyo mpaka jua ishuke.

"Mwanangu," mama alisema mu mugongo yangu, wimbo ilipoisha, "Mungu alikunyima masikio, akakupa miguu. Tumushukuru. Kuko mumoya anakuja kwangu kesho, ye alimupa mulomo tu."

Nilicheka mu tumbo. Nilimuhurumia muntu ile ya mulomo.

"Anamutaka binti yangu. Félicité wangu, mutoto ya mwisho. Wanasema ni muntu ya Baraka, Casimir sijui Casimir nini, walimufukuza ku université juu ya ndege."

Kinga iliyumba. Tuliingia mu nyasi, tukatoka mu nyasi, mama akaita Yesu na Maria na bwana yake marehemu, akanikaza sawa vile unakaza mufuko ya muhogo. Na mi, Casimir, mutoto ya Baraka, yule wa mulomo, yule wa ndege, nikaendelea kushuka mulima na mama mukwe wangu nyuma ku portebagage.

Labda we uko muntu ya mbali, haujue desturi yetu ya bukwe. Mama ya bibi yako, haumuguse. Haukule naye ku sahani moya. Haumuangalie mu macho. Akitokea pa njia, we unaingia mu nyasi, unamupa mugongo, unangoya apite. Na ye anafanya vilevile. Si chuki, ni heshima. Wazee wanasema mama ya bibi yako ni moto: unaota kwa mbali. Sasa mi moto ile nilikuwa nimeibeba, ilikuwa imenikumbatia tumbo, na saa ya kupumzika pa muto alikuwa amevunja muhogo yake katikati, akaniwekea nusu mu kiganja, tukakula pamoja tukichekeana na macho, juu ye alikuwa na huruma na mi nilikuwa na njaa.

*

Kiangazi ile, rafiki yangu Habimana na mi tulikuwa tumetoka Baraka na kinga mbili na bila haraka. Mi nilikuwa ninaenda Kilembwe kubisha mulango kwao na Félicité. Habimana alikuwa anaenda juu mi ninaenda.

Félicité alisomaka ku Fizi, akikaa kwa shangazi yake. Nilimujua siku alinikuta ninagombana na mbuzi iliyokula kofia yangu. Alisimama, alisikiliza pande zote mbili, kisha alisema mbuzi iko na haki. Tangu siku ile sikukuwa na kazi ingine mu kichwa. Wakati shule zilifungwa alirudi kwa mama yake, na kisha kidogo dereva moya wa kamyo akaniletea maneno yake mu mulomo: "Anakuambia uje mbele kiangazi haijaisha. Eugène wa Lulimba, yule wa kuuza zahabu, ameanza kuleta pagne, vitenge za posa."

Nilimutuma dereva arudishe siku ya kufika kwangu. Kamyo ingenifikisha haraka. Lakini nilitaka kufika nikiwa nimetafuta, si nimebebwa. Tena kusema kweli nilikuwa na woga, na kinga ni dawa nzuri ya woga: inakupeleka polepole mpaka unachoka kuogopa.

Habimana alikuwa mutoto ya milima ya juu, kwa bachungaji wa ng'ombe, bantu ya protestant wanaoomba mbele ya kukula hata karanga moya. Tulikalia benchi moya tangu tuko badogo. Kinga alijifunza akiwa mukubwa, sawa vile muntu anajifunza luga ya wageni, na aliiheshimu sana. Alikuwa ameipa jina ya ng'ombe, Bihogo, juu ilikuwa nyekundu-nyekundu ya kutu. Jioni aliipangusa kwa nyasi. Ku mulima ya Fizi, pale kila muntu anatukana kinga yake na kiwanda iliyoifanya, ye aliiimbia Bihogo nyimbo za kusifu ng'ombe kwa kinyarwanda chake, pembe yake nzuri, mwendo yake ya bibi harusi.

"Ng'ombe haipigwe ku mulima," aliniambia, jasho inamuanguka. "Inaimbiwa."

"Yangu niiimbie nini?"

"Yako iombee."

Siku zetu zilifanana na hazikufanana. Asubuhi tuliangalia mipira, tukatia viraka, tukagombana nani alikuwa wa mwisho kushika pompi. Tukakula muhogo ya kuchoma na ndagala tuliyobeba toka Baraka, ndagala ambayo ilinukia bantu mbele sisi hatujafika, kisha tukapanda kinga. Saa ya jua kali tulilala pa kivuli ya kilalo, ile daraja ya miti, miguu mu maji. Jioni tuliomba malalo ku shule ya kijiji, juu ilikuwa vakansi na madarasa zilikuwa wazi. Tulipanga mabenchi, tukalala sawa vile wanafunzi wabaya. Mbele ya kutoka asubuhi niliandikaka hesabu ku ubao, hesabu ya kukosa jibu: mwanamuke iko na kuku mbili na bwana moya mulevi, kamyo inatoka Lulimba na gurudumu tatu, je, ni nani alimwaga chumvi? Ninawaza mpaka leo walimu waliorudi Septemba wakaangalia ubao ile na kukuna kichwa.

Pa Fizi walitusimamisha juu ya salongo. Kila muntu aliyepita njia siku ile alipashwa kushika jembe na kusafisha njia ya taifa, ata kama ilikuwa njia ya kuendea kuoa. Kiongozi ya kazi aliniuliza jina. Nilisema Casimir. Alikunja uso: majina ya mapadri ilikuwa imekatazwa na serkali. Basi nikasema Wilondja, vile iliandikwa ku karte ya uraia. Njo ilikuwa ivyo miaka ile: ku bureau mi nilikuwa Wilondja, ku nyumba nilibaki Casimir, na mama yangu akikasirika aliniita yote mbili.

Juu ya ndege, niseme pia. Ku campus nilikuwa na kasuku. Niliifundisha neno moya tu, lile tuliimbaka kushangilia kila asubuhi mbele ya bendera: "Oyé!" Ilikuwa kasuku ya akili, ikisikia muntu mukubwa amenyamaza kidogo, inajibu. Basi siku moya mukubwa ya shule akasimama mu chumba kikubwa, akatuambia nyama imekwisha ku chakula ya wanafunzi mpaka mwaka kwisha. Akanyamaza. Kasuku pa dirisha ikasema "Oyé!" Akasema tena, kama hatukusikia, na mikate nayo itapunguzwa. "Oyé!" Bantu walicheka mpaka mabenchi zikalia. Waliniambia nirudi kwetu nipumzike, wataniita. Hawajaniita mpaka leo, na diploma yangu iko nusu, sawa vile ile kofia mbuzi iliniachia.

*

Muchezo ya bubu tuliivumbua ku mulima ya Fizi. Sheria ilikuwa fupi: ule anayeweka muguu chini wa kwanza ku kupanda mulima, anakuwa bubu na kiziwi mpaka jua ishuke, na mwenzake anamusemea. Habimana alianguka mu muchezo wa kwanza. Nikaambia kijiji moya kwamba bubu ule anaponesha kuku. Walimuletea kuku mpaka jioni, zile za kukohoa na zile za kukataa kutaga, na ye Habimana, mukristo ya kweli, alishika kila moya kwa mikono mbili akifunga macho. Hakuweza kusema hapana. Jua iliposhuka alinikimbiza kuzunguka shule.

Alikuwa anangoya siku yangu. Ilikuja kisha kupita Lulimba, asubuhi, ku mulima ya kwanza ya njia ya Kilembwe. Mukufu ya kinga ilitoka ku meno, muguu yangu ikagusa mavumbi, na Habimana akapiga kelele ya furaha iliyotorosha ndege mu miti.

Chini ya mulima ya pili tulimukuta mama. Alikuwa anatembea peke yake, muzigo ya chumvi ku kichwa, pagne yake imefungwa juu, mavumbi isiishike, mwendo ya muntu aliyeamuka mapema sana. Habimana alishuka ku kinga, akavua kofia.

"Yambo, mama. Unafika wapi?"

"Kilembwe, batoto yangu, kama miguu inapenda."

"Sisi vilevile. Tupe chumvi, mi nitaibeba. Na we, mama, panda ku kinga ya mwenzangu. Ni bubu tangu kuzaliwa, na kiziwi, lakini ni nguvu sawa punda."

"Na yako, mwanangu, haibebe muntu?"

"Yangu iko na mimba," Habimana alisema, akapapasa Bihogo pa tumbo.

Mama alicheka mpaka alitua muzigo. Njo ivyo alipanda. Na Habimana, juu chumvi ni nyepesi kuliko mama, akatuacha nyuma. Tulimuona tu ku kona, anaimba, kisha hatukumuona. Ye hakusikia kitu ya yale yaliyosemwa. Mi nilisikia yote.

Kisha ile habari ya Félicité, mama alirudia wimbo yake kidogo. Tulikuwa tumefika pa tambarare, nilikuwa ninakanyaga polepole, ninatafuta mu kichwa yangu yote neno moya ya kunitoa mu shimo ile. Nikisema, bubu anasema, na mama anajua nimemusikia. Nikisimama, nitamwambia nini na mikono? Nilikanyaga.

"Ninajua haunisikie," alisema. "Njo maana ninasema. Tangu bwana yangu alikufa sina muntu ya kuambia kitu. Ukiambia jirani, kesho iko ku soko."

Akaniambia. Eugène wa Lulimba alikuwa ameleta pagne nzuri, mufuko nzima, na Alphonse, shemeji ya mama, mudogo wa bwana yake marehemu, alizipokea kwa jina ya jamaa bila kuuliza. Alinihadisia ata vile Alphonse anakunywaka pombe ya Eugène: anainua kidole kidogo sawa muzungu, anafunga macho, anasema "Huyu ni muntu." Sauti yake ilikuwa sauti ya Alphonse kabisa, nilikuwa sijamuona Alphonse bado, lakini kesho yake nilimujua mbele hajasema jina.

"Sasa jana asubuhi niliambia Alphonse ninaenda kutafuta chumvi. Pagne zote nilizibeba mu mufuko. Nimezirudisha kwa Eugène, mu mukono yake. Nilimwambia asante, binti yangu hakalie mizani ya zahabu. Shemeji akijua, atanirudisha kwetu. Nyumba ninalala ni ya ukoo yao, unaona? Mujane ni mugeni mu nyumba yake."

Akapiga tumbo yangu polepole kwa kiganja, sawa vile unatuliza ng'ombe.

"Na ule mwingine, wa Baraka, simutaki pia. Muntu ya kuchekesha bantu ku mugongo ya bantu. Leo kasuku, kesho ni mi. Nitaishi namna gani na mukwe ambaye kila kitu anachosikia kinatoka? Afazali ungekuwa we, mwanangu. Bubu, miguu nguvu, roho nzuri. Ningekupa leo bila mbuzi."

Pa nyumba za kwanza za Kilembwe alishuka, akashika kichwa yangu kwa mikono mbili, akaombea masikio yangu. Aliomba sana. Mi nilifunga macho sawa vile zile kuku.

*

Jua ilishuka, nilipata ruhusa ya kusema, na kwa mara ya kwanza ya maisha yangu sikuitaka. Tulikuwa mu darasa ya Kilembwe, Habimana anapangusa Bihogo. Nilimwambia kitu kimoya tu: mama ile ni mama ya Félicité.

Habimana alikaa chini. Kisha alilala chini. Alicheka akishika mbavu, machozi inamutoka, akaomba Mungu amusamehe, akacheka tena.

"Ulikula naye?"

"Muhogo moya."

"Alikugusa?"

"Aliniombea masikio."

"Ayi, Casimir. Kwetu ku milima ungehamia inchi ingine." Alijipangusa uso. "Na alikuambia nini njia yote ile?"

Nilifungua mulomo. Ile ya kidole kidogo ilikuwa palepale ku ulimi, ya moto, ya sukari. Nilijua vile Habimana angepiga magoti kwa kucheka.

"Ni mambo yake," nilisema.

Habimana aliniangalia sawa muntu anaangalia mugonjwa.

Kesho yake tulivaa mashati safi. Habimana, musemaji wangu, aliazima abacost, koti ya heshima ya mwalimu wa kijiji. Mikono ya nguo ilimuishia pa kiwiko. Kiwanja ya nyumba, iliyozungushiwa luvo ya matete, ilikuwa imefagiliwa, bajirani wamekaa ku mikeka, bamama upande yao. Papa Alphonse alikuwa ku kiti, glasi mu mukono, kidole kidogo juu. Ku mulango ilining'inia rido, pazia ya maua; nyuma ya rido, vile desturi inataka, mama ya binti alikaa kusikia bila kuonekana. Na nyuma ya jiko, muntu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Sikumuona, lakini nilijua mukono. Mwichi ulikuwa unasema: ni-ko, ni-ko, ni-ko.

Habimana alisimama. "Wakubwa wa nyumba hii, tunawaheshimu. Sisi tumetoka mbali, tumeona ua ndani ya luvo yenu..."

Nyuma ya rido, kikombe ya bati ilianguka, ikabingirika mpaka pa mulango. Mama alitambua sauti ya Habimana. Rido ilijisogeza, upana wa jicho moya. Mi nilikuwa ninaangalia miguu yangu.

Na batoto pa luvo wakaanza: "Bubu! Ni bubu ya jana! Bubu ya kinga!"

"Bubu gani?" Papa Alphonse aliuliza.

Jirani moya, mama ya mukeka ya kwanza, alimujibu kwa furaha ya muntu aliyengoya kuulizwa: "Njo ule alimuleta mama ya Félicité jana. Walifika juu ya kinga. Mwenzake alituambia ni bubu na kiziwi."

Papa Alphonse alitua glasi. "We uko bubu?"

"Hapana, papa."

Ilikuwa neno yangu ya kwanza mu nyumba ile. Mwichi ulikuwa umesimama juu.

"Ilikuwa muchezo yetu ya njia," nilisema. "Nilipoteza, njo nikanyamaza. Sikumujua mama. Ninaomba musamaha mbele ya bote."

Kuko waliocheka, kuko walioshika mulomo. Papa Alphonse alicheka pia, lakini macho yake haikucheka. Aliinama mbele.

"Basi ulimubeba bibi ya kaka yangu njia yote, ye anafikiri hausikie. Na mi ninamujua: akianza kusema hasimame. Juzi asubuhi alitoka hapa na mufuko, jana jioni amerudi na chumvi tu. Pagne ya Eugène sizione. Nikiuliza ananiambia, 'Shemeji, kula kwanza.' Sema alikuambia nini. Sema hapa, mbele ya bantu hawa, na binti ni wako leo. Eugène nitajua vile nitamuambia."

Ninaomba unielewe vizuri. Sikukuwa mutakatifu. Mu mulomo yangu kulikuwa na hadithi nzuri kuliko zote nilishapewaka: mizani, kidole kidogo, "Huyu ni muntu". Kiwanja yote ingeicheka mpaka batoto ya batoto yao. Tena ingenipa Félicité palepale, juu muntu akijua pagne zimerudi, Eugène amekwisha. Mulango ilikuwa wazi mara mbili. Ilibaki kusema tu, kazi ambayo sikushindwaka nayo siku hata moya.

Niliangalia rido. Ilikuwa imefungwa. Haikutetemeka.

"Papa Alphonse," nilisema, "jana mi nilikuwa kiziwi."

"Kiziwi ya muchezo!"

"Muchezo nayo iko na sheria yake."

"Nitakuuliza mara ya mwisho. Alikuambia nini?"

"Alikuwa anaimba."

Papa Alphonse alisimama, kiti ikaanguka nyuma yake. Alionyesha njia kwa mukono yote. "Shika kinga yako, bwana kasuku. Rudi Baraka. Binti yetu haolewe na vichekesho."

Habimana alinishika bega. Tuligeuka. Nilikuwa ninasikia mabega yangu ni mazito sawa vile nimebeba Bihogo ku shingo, na mu kichwa nilikuwa nimeanza kuhesabu milima ya kurudia, yote, moya moya.

"Shemeji."

Sauti ilitoka nyuma ya rido. Haikuwa kubwa.

"Shemeji Alphonse, pagne nilizirudisha kwa Eugène. Mi mwenyewe, mu mukono yake."

Macho ya Papa Alphonse ilikuwa nyekundu sawa njia ya Lulimba.

"Nilisema kwa jina yako," mama aliendelea. "Nilisema mbele ya bantu pa soko: 'Papa Alphonse amekataa. Papa Alphonse hauze mutoto ya kaka yake kwa nguo.' Ungewasikia, shemeji! Wazee walivua kofia. Walisema, kumbe Kilembwe kungali bado mwanaume. Niliona haya kukuambia jana, juu najua haupende kusifiwa."

Mama ya mukeka ya kwanza alipiga makofi. Wa pili akamufuata. Kisha kiwanja yote ilikuwa inapigia Papa Alphonse makofi, na mzee moya alimuinulia kiti, akamupangusia mavumbi. Papa Alphonse alisimama pale na mukono yake ingali inaonyesha njia. Aliiangalia ile mukono. Aliishusha polepole, akarekebisha kola.

"Muntu anafanya yale anayopashwa kufanya," alisema.

Mpaka leo sijue kama mama alisema lile neno pa soko ya Lulimba, au alilivumbua pale nyuma ya rido. Ku kinga hakuniambia. Kama alilivumbua, basi mi na kasuku yangu tulikuwa wanafunzi tu.

"Na ule kijana," sauti ilisema tena, "alinigusa, akakula na mi muhogo moya. Ni aibu kubwa. Alete mbuzi jike ya kuosha haya."

Roho yangu ilianguka zaidi. Pigo juu ya pigo! Nilikuwa ninafikiri ni wapi nitatoa mbuzi, na bamama ku mikeka walikuwa wamesimama wanapiga vigelegele, na sikuelewa juu ya nini. Habimana alinifinya mukono mpaka niliruka.

"Mupumbavu," alisema mu sikio yangu, anacheka, analia. "Mbuzi ya haya haiombwe ku mugeni. Inaombwa ku mukwe!"

Nyuma ya jiko mwichi ulianguka mu kinu, mara moya, kwa nguvu, sombe ikaruka mpaka ku ukuta. Jioni, wakati wakubwa walikuwa wanakunywa na Papa Alphonse anahadisia kwa mara ya ine vile alikataa pagne, Félicité alipita karibu yangu na sahani. Alikuwa na sombe mu nywele.

"Kumbe unajuaka kunyamaza," alisema.

"Mara moya moya."

"Usizoee. Nani atagombana na mbuzi?"

*

Batoto yetu ni bakubwa leo. Habimana alirudi ku milima, akaoa, na wanasema angali anaimbia Bihogo. Mama mukwe na mi hatujaangaliana mu macho tangu kiangazi ile. Tunafuata desturi muzuri kabisa. Bantu ya Kilembwe wanatuonyesha batoto yao kama mufano.

Kila nikienda kule ninamukutaka pa njia ya muto. Ninashuka ku kinga, ninaisukuma mu nyasi, ninamupa mugongo, ninainamisha kichwa. Ninasikia hatua zake zinakuja. Kisha zinasimama. Anatua muzigo, anakohoa kidogo, na anaanza kuambia nyasi habari.

"Nyasi," anasema, "mwaka hii karanga ilikubali. Alphonse magoti inamuuma, lakini mukono ya kuinua glasi haimuume. Kuko jirani moya, nyasi, sitaki kumutaja, kuku yake inataga kwangu, na ye anajua, na mi najua." Mara ingine anaambia nyasi vitu ya uzito, juu ya bwana yake, juu ya kuzeeka, juu ya usiku ambayo haiishe. Mi sijibu. Nyasi nayo haijibu. Akimaliza anasema, "Haya, nyasi, baki salama," anajitwika muzigo yake, anaenda.

Mi ninangoya kidogo zaidi mbele ya kutoka, juu kuko siku anakumbukaka neno, anarudi.